Korti Isiyotoa Fidia

Ndugu wafanyi kazi, wenzetu wengi wamekwenda Uingereza kuuguza wagonjwa, na wengine wana watoto wanaohitaji mafundisho ya namna ya pekee. Kwa sheria ya 2014, halmashauri ya mji ikikataa kuchunguza mahitaji ya mtoto, au kumwandikia mpango wa msaada, mzazi aweza kukata rufani.

Sisi tulizoea Korti ya Viwanda, iliyoanzishwa 1964: ukishinda, walipwa. Korti ile ya rufani haiwezi kuamuru fidia, hata senti moja, hata kama shule imembagua mtoto kwa ulemavu wake. Yaweza kuiamuru shule iombe radhi. Lakini kwa masomo ina nguvu kweli kweli: huamuru mtoto achunguzwe, mpango uandikwe, msaada utajwe wazi, na shule iandikwe kwa jina. Halmashauri lazima itii. Juu ya matibabu hutoa shauri tu.

Kwa hiyo twaona ni makosa kwenda huko na malalamiko matupu. Tajeni saa ngapi kwa juma, mwalimu wa namna gani, shule ipi. Maneno "msaada unaofaa" (halmashauri huyapenda sana!) hayamfundishi mtoto kusoma. Na rufani ifike ndani ya miezi 2 tangu tarehe ya barua, au mwezi 1 tangu hati ya usuluhishi, ule muda utakaokwisha nyuma.