Tupime kwanza, kisha tununue



Katika mji wetu na katika vijiji vya pembeni, motokari nyingi tunazoziona ni za zamani. Land Rover ao Peugeot 504 ya miaka ya 1970 ingali inabeba watu, mihogo, makala na wagonjwa. Motokari hizo zinasimama njiani, na mara nyingi si motere iliyokufa, ni umeme. Hapo tunasikia masemi: «Batri imekwisha, nunueni ingine.» Ao: «Alternateri imeungua.» Ao tena: «Hii motokari iko na mambo yake, inachagua siku.»

Mimi ninapinga masemi haya yote matatu. Katika motokari ya zamani hakuna kompyuta, na hakuna siri. Kuna waya za shaba, kila moja iko na mwanzo na mwisho, na mutu aliyejifunza Fiziki mwaka mumoja anaweza kuzifuata. Kununua mbele ya kupima ni kutupa feza.

Tuanzie kwa njia yenyewe. Umeme unatoka kwa batri, unapita fizibli na kontakti, unafika kwa taa, kisha unarudi kwa batri kwa kupitia chuma cha motokari. Njia hii ya kurudi, makanika wanaiita masi. Watu wengi wanaangalia njia ya kwenda tu. Ile ya kurudi wanaisahau. Kumbe ni pale ambapo kutu na matope ya barabara zetu vinapenda kukaa.

Sheria ya Ohm, iliyotangazwa mwaka 1827, tunaiandika ubaoni, tunapata pointi, kisha tunafuta. Tuitie ndani ya motokari basi. Demareri ya motokari ndogo inaweza kukunywa amperi 150. Tuseme bulo ya masi imeshika kutu, na kutu ile inaleta ugumu wa omu 0,02 tu. Zidisha 150 kwa 0,02: unapata volti 3 zinazopotelea pale. Kama batri inatoa 12, demareri inabakia na 9, na motere haigeuki muzuri. Tena, volti 3 mara amperi 150 ni wati 450 za joto. Ndiyo maana kamba ya batri inaunguza mukono. Lakini ampuli inayokunywa amperi 5 tu, kutu ileile inaiondolea volti 0,1. Ni kidogo sana, ampuli inawaka kama kawaida. Basi shoferi anasema: «Taa zinawaka, waya ni muzuri, demareri ndiyo imekufa.» Anadanganyika, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Nilishaona mutu mumoja aliyenunua batri mpya, kisha ingine, ndani ya miezi michache. Garaji ilimuambia kila mara kwamba batri ndiyo mubaya. Ugonjwa ulikuwa kamba ya masi kati ya motere na chasi, iliyokatika nusu. Kamba ile ni feza kidogo sana karibu na batri mbili. Na batri zile zilikuwa feza ya shule ya watoto.

Dalili ya mvua ni mawingu. Motokari pia iko na dalili, na tunapaswa kuiuliza kama vile infirmie anavyomuuliza mugonjwa. Je, ni taa moja tu iliyozimika, ao zote zimekuwa zaifu? Kama ni moja, tazama ampuli yake, fizibli yake na masi yake. Kama ni zote, enda kwa batri, kwa kamba kubwa na kwa alternateri. Washa taa za mbele na ujaribu demareri. Taa zikizimika kabisa, batri ni tupu ao kamba zake hazishiki. Taa zikibakia na nguvu na demareri inanyamaza, ugonjwa uko kwa kontakti, kwa waya ndogo inayoamuru demareri, ao kwa demareri yenyewe.

Kama kuna voltimetre, inasema wazi zaidi. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,2 iko nusu. Chini ya 12 iko karibu tupu. Motere ikizunguka kwa mwendo wa kati, tunapaswa kuona kati ya 13,8 na 14,4. Ikibakia 12,5 ao ikiendelea kushuka, alternateri hailishi batri: tazama mukaba kwanza, pengine umelegea tu. Ikipita 15, regulateri ni mubaya, na batri mpya utakayonunua itachemka na kufa kama ile ya kwanza.

Kuna pia batri inayokufa usiku, motokari imesimama. Zima kila kitu, ondoa kamba ya negatifu, na weka ampuli ndogo kati ya kamba ile na batri. Ikiwaka, kuna kitu kinachokunywa kwa siri. Ondoa fizibli moja moja mpaka ampuli izimike, na hapo umeshika mwizi.

Wengine watanijibu: «Makanika wa zamani hawana voltimetre, na wanatengeneza.» Ni kweli, na ninawaheshimia. Musee aliyefanya kazi miaka makumi tatu anasikia kwa sikio kitu ambacho sisi hatusikii. Lakini yeye pia anapima: anagusa kamba kama ni moto, ananusa, anawasha ampuli ya kujaribia. Wanaopiga bahati nasibu ni wale wanaobadilisha vyombo bila kugusa waya hata moja. Wengine watasema: «Sisi ni masikini, hatuna wakati wa kupima.» Mimi ninasema kinyume: tajiri anaweza kukosea mara tatu na kununua mara tatu, masikini hawezi. Ampuli moja na vipande viwili vya waya vinatosha kwa kuanza.

Jambo moja linanikasirisha zaidi. Fizibli ikiungua, watu wanaifunga na karatasi ya fedha ya sigara, na wanaendelea. Ampuli mbili za wati 55 zinakunywa amperi 9 hivi, na fizibli inachaguliwa kufuatana na hesabu hiyo. Waya zikigusana, fizibli inakufa ili motokari iokoke. Karatasi ile haikufi vile: ni waya inayopata moto, plastiki inayeyuka, na motokari inaungua pamoja na mizigo, ao na watu. Hata radio inayofungwa moja kwa moja kwa batri bila fizibli ni hatari ileile. Na gari linalotembea usiku bila taa, tunajua sote namna linavyomaliza safari.

Huku Katanga shaba inatoka katika udongo wetu; jimbo letu liliitwa hata Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Ni haya kwetu kuchimba shaba kwa ajili ya waya za dunia nzima, na kuogopa waya ndani ya motokari ya baba.

Kwa hiyo ninaleta ombi kwa Bwana Prefe na kwa walimu wa Fiziki. Ile kamionete iliyosimama nyuma ya atelye itolewe kwa wanafunzi saa mbili kila siku ya posho, chini ya macho ya mwalimu. Wasichana pia waingie, kwa sababu batri haiulizi nani anayeshika ufunguo. Na tufundishwe uangalifu mbele ya yote: kuondoa pete na saa mukononi, kutoa kamba ya negatifu kwanza na kuirudisha ya mwisho, kutoleta moto wala sigara karibu na batri, maana inatoa hewa inayopasuka, na kuosha jicho mara moja na maji mengi kama aside imeruka.

Kama kamionete ile haitembei tena hata nyuma ya mwaka mumoja, tutakuwa tumejifunza kusoma njia ya umeme. Na siku mama mujamuzito atakaposimamishwa usiku katikati ya barabara ndani ya motokari iliyokufa, pengine mumoja wetu atakuwa ndani, na atajua kwamba inafaa kuanza na kukwangua bulo ya masi.

Ni mawazo yangu. Mwenye kuwa na ingine aandike, gazeti ni letu sote.

Mwanafunzi wa Siyantifiki