Tunakula Uzee wa Watoto Wetu

Liko deni ambalo sisi wazee tunawatwisha watoto wetu walioko Marekani, nasi hatulioni kuwa ni deni kwa sababu halina karatasi wala shahidi. Tunawataka wavunje akiba yao ya uzeeni ili tufanye harusi, tuezeke nyumba upya au tujengee makaburi marumaru. Nasema wazi kwamba jambo hili ni baya. Nimekuwa mwalimu kwa miaka 36, na ubishi wa fedha sijui kuumaliza ila kwa hesabu.

Kwanza tujue tunaomba nini. Mbali na hifadhi ya jamii ya taifa, wafanyakazi wengi wa Marekani hujiwekea akiba katika akaunti iitwayo 401(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi cha mwaka 1978. Kila mshahara unapolipwa, sehemu yake huwekwa humo, na waajiri wengi huongezea chao. Kwa kawaida fedha hiyo huingia kabla ya kutozwa kodi ya mapato. Hapo ndipo penye fundo. Serikali haikusamehe kodi hiyo. Imeiahirisha mpaka siku ya kuitoa fedha. Siku hiyo, kiasi chote kilichotolewa huhesabiwa kama sehemu ya mapato ya mwaka huo. Na kama mwenyewe hajafikisha umri wa miaka 59 na nusu, sheria ya mwaka 1986 inamwongezea kodi nyingine ya asilimia 10 juu ya ile ya kawaida.

Sasa tuchukue chaki. Tuseme binti yetu ni muuguzi huko Texas, ana miaka 40, na mapato yake yamefika ngazi ya kodi ya asilimia 22. Amehama hospitali moja kwenda nyingine, na katika akaunti ya mwajiri wa zamani ana dola 10,000. Kamati ya harusi ya mdogo wake inampigia simu kila jioni, naye mwishowe anazitoa zote. Papo hapo hukatwa asilimia 20, yaani dola 2,000, na mkononi zinamfikia dola 8,000. Anazituma. Kamati inashangilia, ukumbi unalipiwa, pilau linaliwa.

Lakini hesabu haijakwisha. Ifikapo Aprili ya mwaka unaofuata, anapowasilisha hesabu zake za kodi, anakuta kwamba asilimia 22 ni dola 2,200, na kodi ya ziada ni dola 1,000. Jumla ni dola 3,200. Zilikatwa 2,000 tu. Anadaiwa 1,200 zaidi, na fedha alishaituma. Huyo ni wa Texas, jimbo lisilotoza kodi ya mapato. Angekuwa Minnesota, ambako ndugu zetu wa Afrika Mashariki ni wengi, mtu wa ngazi ya asilimia 6.8 ya jimbo angeongeza dola 680. Kati ya dola 10,000 zingebaki 6,120. Na hizo 10,000, zikiachwa zikue kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 20 zingepita dola 32,000. Hicho ndicho tulichokula ukumbini kwa usiku mmoja.

Nilipoyasema haya katika kikao kimoja cha ukoo, niliambiwa kwamba mwalimu amezoea kuhesabu chaki, asihesabu mali ya watu. Sikukasirika. Hoja nilizojibiwa zilikuwa tatu, nami nazijibu hapa kwa utulivu.

Hoja ya kwanza: fedha hiyo imelala tu. La hasha. Fedha hiyo inafanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya mtu ambaye siku moja hataweza kufanya kazi. Ni sisi tuliowafundisha darasani kwamba akiba haiozi. Leo tunawaambia iliyowekwa ni bure?

Hoja ya pili: sheria haiwezi kukosa huruma kwa mtu mwenye msiba au mgonjwa. Huruma ipo, lakini ina mipaka yake, na mipaka hiyo haikuchorwa kwa kututazama sisi. Mfanyakazi akifiwa na mzazi, kanuni zinaruhusu mfuko wake, ukipenda, umfungulie akaunti kwa gharama za mazishi. Ila kodi ya mapato na ile asilimia 10 hubaki palepale. Mlango umefunguliwa, ushuru wa mlangoni haukufutwa. Kwa matibabu, asilimia 10 husamehewa kwa gharama zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato yake, zikiwa zake, za mwenzi wake au za wategemezi wake. Na mtegemezi kwa sheria ile sharti awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Mama aliyelazwa Moshi, asiye raia wa kule, hamo katika hesabu hiyo, hata kama binti yake ndiye anayemlisha kila siku. Tangu mwaka 2024 mfuko unaweza pia kumruhusu mtu kutoa hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa dharura yake au ya familia bila ile asilimia 10. Hiyo ni kwa dharura. Suti za kamati si dharura.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mtoto ndiye pensheni ya mzazi. Naikubali nusu. Mtoto amsaidie mzazi kutokana na anachopata. Hiyo ni mila yetu na ni njema. Lakini akimsaidia kwa kuvunja uzee wake mwenyewe, atazeeka mikono mitupu katika nchi ya kigeni, au atarudi nyumbani akiwa mzigo kwa wajukuu zetu. Hapo hatujaondoa umaskini katika ukoo. Tumeuhamisha tu kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na njiani serikali ya Marekani imechukua karibu theluthi.

Tukumbuke sisi wenyewe tulivyokuwa. Mwaka 2018 kikokotoo kipya kilipotaka kushusha mkupuo wa mstaafu hadi robo ya mafao yake, wafanyakazi wa nchi hii walipaza sauti mpaka Ikulu, na Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akakisitisha. Tulisema uzee wa mtu usichezewe. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Je, yanakuwa ya haki pale tu uzee unaozungumzwa ni wetu?

Kwa hiyo nashauri hivi. Kamati isimpangie mtu wa ughaibuni kiwango. Imuulize ana nini baada ya kodi, pango na chakula. Mgonjwa akipatikana, ukoo uchange kwanza hapa, kila mtu kadiri yake, ndipo apigiwe simu. Akilazimika kabisa, aulize kama mfuko wake unakopesha. Mingi huruhusu mkopo usiozidi nusu ya akiba yake wala dola 50,000, unaorejeshwa katika miaka mitano, nao hautozwi kodi maadamu unalipwa. Lakini ajihadhari: akiacha kazi kabla hajamaliza, salio huweza kuhesabiwa kuwa fedha iliyotolewa, na kodi zote mbili zikamrudia.

Na sherehe tuzipime kwa mifuko yetu. Bibi harusi aliyeolewa kwa chai na maandazi ameolewa kama yule aliyeolewa ukumbini. Dada yake wa Texas, mwenye miaka 40 leo, ana miaka 19 na nusu ya kungoja kabla ya kuigusa akiba yake bila adhabu. Tumwache angoje.