Mlango Ushindikwe, Usitiwe Kufuli

Wenzangu chamani wameandika juu ya mambo makubwa makubwa: ufisadi, dawa za kulevya, mabadiliko ya hali ya hewa. Mimi nimeamua kuandika juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Nimechagua kufuli. Naam, kufuli lile lile linaloning'inia langoni mwa ploti mnamoishi.

Mimi ni mtoto wa orofa. Shule zikifungwa, wenzangu wengine hurudi mashambani kuchunga mbuzi na kuchuma chai, mimi hurudi Pipeline kule Embakasi, jijini Nairobi. Asiyewahi kufika kule na ajue kwamba majumba ya orofa saba, nane na hata zaidi yamesimama bega kwa bega, hivi kwamba jua lenyewe huingia kwa kubahatisha. Katika jumba letu ngazi ni moja tu. Juu ya ngazi hiyo utakuta jiko la makaa la huyu, mtungi wa gesi wa yule, na chini kabisa pikipiki tatu za bodaboda zimelazwa usiku. Lango la chuma hutiwa kufuli saa tano usiku na mwenye ufunguo akaenda zake kulala. Mlango wa paa nao umefungwa mwaka mzima, ati nguo zisiibwe kambani. Madirisha yote yana vyuma. Sasa nauliza: moto ukizuka saa nane usiku, tutatokea wapi?

Ukiuliza swali hilo katika ploti, jibu ni moja: "Na wezi je?" Simlaumu anayejibu hivyo. Mwizi tunamjua. Ametuibia runinga, viatu, hata sufuria ya maharagwe ikiwa bado motoni. Moto hatujauona ukija, basi tunajifanya hauji. Kwa hiyo tumetumia pesa zetu zote kumzuia mtu asiingie, wala hatukuweka hata shilingi moja ya kutusaidia sisi kutoka. Msimamo wangu ni huu: usalama wa moto katika majumba ya orofa hauanzi na gari la zima moto wala mtungi mwekundu ukutani. Unaanza na mlango unaoweza kufunguliwa na aliye ndani, gizani, bila kutafuta ufunguo.

Sisi wanafunzi wa bweni tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Mwezi wa Machi mwaka wa 1998, wasichana 26 walifariki katika bweni la shule ya Bombolulu huko Pwani. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001, wavulana 67 walifariki katika shule ya Kyanguli, Machakos. Shule hizo mbili zilikuwa mbali, lakini simulizi zao zafanana kama shilingi kwa ya pili: madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Watoto wale walifika mlangoni wakaukuta haufunguki.

Kutokana na uchungu huo, mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Mwongozo huo wasema kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Milango iwe na upana wa angalau futi tano, ifunguke kwa nje, na kamwe isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kila bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Kanuni hizo hazijamaliza misiba, kwani Septemba 2024 wavulana 21 waliangamia kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Hata hivyo, angalau tunajua kilicho sawa, na mkaguzi akija ana jambo la kuuliza.

Hebu tazama maajabu basi. Mwanafunzi yule yule ambaye serikali imesema asifungiwe kwa vyuma akiwa shuleni, anafunga shule mwezi wa Oktoba, anapanda matatu, anafika nyumbani na kulala nyuma ya vyuma na makufuli mawili. Je, moto wa nyumbani hauchomi?

Tusidhani mambo haya ni ya shule tu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, jengo la orofa tano liitwalo Usindiso liliwaka moto katikati ya Johannesburg, Afrika Kusini. Watu wasiopungua 76 walifariki. Ndani ya jengo hilo vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa mbao na mapazia, na baadhi ya malango ya kutokea yalikuwa yamefungwa. Waliokosa njia walijirusha kutoka madirishani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Wala tusiseme ni umaskini peke yake. London ni mji wa kitajiri, na tarehe 14 Juni 2017 jumba la Grenfell, lenye orofa 24, liliwaka na kuua watu 72. Moto ulianza kwa friji katika jikoni moja ya orofa ya nne, ukapanda nje ya jengo kupitia mabamba ya ukutani yaliyokuwa na plastiki ndani. Hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa. Lakini uchunguzi ulionyesha jambo jingine linalotuhusu: milango mingi ya nyumba haikuwa ikijifunga yenyewe baada ya watu kutoka, basi moshi ukajaa kwenye veranda na kwenye ngazi moja iliyokuwepo. Na moshi, ndugu zangu, huua watu wengi kuliko ndimi za moto. Hupanda ngazi kama unavyopanda bomba la jiko, na mtu huzimia kabla hajaona moto wenyewe.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotufaa. Wahenga walitofautisha kufunga na kushindika. Kushindika mlango ni kuurudisha mahali pake bila kuutia komeo wala ufunguo. Basi somo zima la moto liko katika neno hilo moja. Mlango ulioachwa wazi unapitisha moshi. Mlango uliotiwa kufuli unazuia watu. Mlango ulioshindikwa unazuia moshi na kupitisha watu. Ukikimbia moto, toka, shindika mlango nyuma yako, na usirudi kuchukua simu.

Sasa turudi kwa mwizi, maana najua bado mnamngoja. Sisemi tulale malango wazi. Nasema kufuli la ufunguo liondolewe usiku, liwekwe komeo linalofunguliwa kwa ndani tu, lililofunikwa kwa bamba ili mkono wa mtu wa nje usilifikie. Ikishindikana, basi bawabu akae langoni na ufunguo shingoni, si chumbani kwake. Vyuma vya dirisha navyo si lazima ving'olewe vyote. Dirisha moja katika kila nyumba liwe na vyuma vilivyotiwa bawaba, vifunguke kwa ndani. Kazi hiyo fundi yeyote wa jua kali anaiweza. Mlango wa paa uwekewe komeo la ndani, na nguo zikiibwa, tutanunua nguo nyingine.

Lipo jambo jingine ambalo ni gumu kulisema, lakini nitalisema. Katika majumba yetu kuna mama wanaofungia watoto ndani wakienda kazini. Nawajua, ni majirani zetu, na si kwamba hawawapendi watoto wao. Mama wa kibarua hana pesa za yaya, na nje kuna hatari za kila aina. Lakini mtoto wa miaka minne akiwa ndani na jiko, na ufunguo uko Industrial Area, ni nani atamtoa? Mama zetu, nawaomba kwa heshima: mwachieni ufunguo wa pili jirani anayeshinda nyumbani. Hakuna gharama yoyote. Na sisi tulio likizoni tuwe majirani wa kuachiwa ufunguo, badala ya kushinda kwenye simu.

Wenye majumba nao wasijifiche nyuma ya kodi. Ngazi si stoo. Pikipiki, majiko na mitungi itafutiwe mahali pengine. Tuliona usiku wa tarehe 1 Februari 2024 jinsi gesi ilivyolipuka katika mtaa wa Mradi, hapo hapo Embakasi, ikaua watu na kujeruhi mamia. Gesi haichezewi, seuze ikiwekwa kwenye njia pekee ya kutokea.

Na serikali je? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kuzima moto, na kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025, zikichukua mahali pa zile za mwaka wa 1968. Ni vyema. Kaunti na itume wakaguzi usiku, saa ambayo makufuli yamefungwa, si saa nne asubuhi wakati kila mlango u wazi. Lakini tusingoje wakaguzi. Gari la zima moto lenyewe likiitwa, litapenyaje kwenye vichochoro vyetu vyenye vibanda pande zote? Dakika zile za kwanza ni zetu sisi wenyewe.

Wanafunzi wenzangu, likizo i karibu. Nawapa kazi ya ziada ambayo mwalimu hatasahihisha. Ukifika nyumbani, shuka ngazi ukihesabu vidato, ili usiku wenye giza miguu yako ijue njia. Uliza ufunguo wa lango hulala wapi. Jaribu kufungua mlango wa nyumba yenu ukiwa umefumba macho. Wafundishe wadogo zako kutambaa chini penye moshi, na kupiga 999 au 112. Kisha mwendee mzee mwenye ploti, umwamkie kwa adabu, umwombe lile komeo. Akikataa, rudi na majirani kumi.

Ajali haina kinga, husema watu, na husema hivyo mara nyingi baada ya kufunga mlango kwa kufuli. Moto waweza kutokea kwa yeyote. Kukosa pa kutokea, hilo tumelinunua sisi wenyewe dukani, pamoja na funguo zake mbili.