Kikombe Apewe Aliyeotesha

Chama chetu cha wapenzi wa dungusi na mimea ya ukame hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na shughuli zake ni za watu waungwana. Tunatembeleana bustani, tunabadilishana vipandikizi, tunasikiliza mhadhara, tunakunywa chai. Na mara moja kwa mwaka, masika yakishakatika, tunapanga meza ukumbini na kuwaalika watu wa mji waje kutazama. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Wala siungani na wanaotucheka huko sokoni kwamba ati wazee wamekosa kazi, sasa wanalea miiba. Kulea mwiba ni kazi kama kulea kuku, tena mwiba haupigi kelele alfajiri. Ugomvi wangu ni mmoja tu, nao ni juu ya kikombe.

Kikombe hutolewa siku ya maonyesho kwa mmea ulioonekana bora kuliko yote iliyoko mezani. Katika maonyesho matatu yaliyopita kimekwenda kwa mimea ambayo hakuna mwanachama hata mmoja aliyeiotesha. Ilitoka mlimani. Kwenye karatasi ya usajili, penye nafasi ya kuandika asili ya mmea, mwenyewe huandika "umekusanywa", na Katibu hupiga mhuri. Neno hilo ni la adabu mno. Hukusanywa kodi, hukusanywa michango ya harusi, na mwenye kutoa hujua kwamba ametoa. Mlima haukuulizwa. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni kung'oa.

Asije mtu akaniambia kuwa nasingizia watu. Mmea uliolelewa chunguni na ule uliokulia porini hujieleza wenyewe kwa yeyote mwenye macho. Mshubiri wa chunguni una majani ya kijani yaliyolingana pande zote, kwa sababu mwenyewe huugeuza kila wiki apate kuupendezesha. Ule wa mlimani umeinamia upande mmoja. Ncha za majani zimekauka na kugeuka rangi ya matofali kwa ukali wa jua. Chini umevaa sketi ya majani makavu ya miaka mingi. Shina lina weusi wa moto wa kiangazi fulani cha zamani, na pengine jani moja lina alama za meno ya mbuzi. Mbuzi hawaingii katika baraza za wanachama wetu. Na makovu hayo ndiyo waamuzi wanayoyapenda! Huuzunguka mmea wakitikisa vichwa, wakisema una umri, una haiba. Bila shaka una umri. Umri huo umeutumia mahali pengine, kwa mvua za mahali pengine, na anayepigiwa makofi ni mtu aliyekaa nao miezi minane.

Miezi minane, naam, na hapa ndipo tunapojidanganya kuliko mahali pengine popote. Mchicha ukiung'oa asubuhi, jioni umenyauka, nawe unajua umeua. Mshubiri, mnyaa na dungusi ni viumbe wa namna nyingine. Vitundu vya kupumulia vilivyo katika ngozi yao hufunguka usiku, penye ubaridi, na mchana hujifunga ili maji yasipotee. Mmea wa namna hiyo ukikatwa mizizi huweza kuishi kwa akiba yake miezi mingi, ukiwa mzuri kabisa machoni, hata ukatoa ua. Mwenyewe hulichukua ua lile kuwa ushahidi kwamba mmea umekubali makao mapya. Halafu siku moja anaushika kuusogeza, na shina lote linabaki mkononi mwake, ndani limeoza. Katika mkutano mmoja niliuliza kati ya mimea mitatu iliyotwaa kikombe ni mingapi ingali hai. Nilijibiwa kwamba swali hilo halimo katika ajenda.

Wenzangu wana hoja zao, na ni haki kuzisikiliza. Ya kwanza ni hoja ya wokovu. Husema: tusipochukua sisi, watachukua wachoma mkaa na mbuzi. Mchoma mkaa hana haja na mshubiri, kwa kuwa ni maji matupu, hauwaki. Mbuzi huuonja, huukuta mchungu, huenda zake. Lakini nakubali kwamba wokovu wa kweli upo. Barabara inapochongwa, au machimbo ya kokoto yanapopanuliwa, na mwenye mradi akatoa ruhusa, twendeni tukaichukue mimea iliyo mbele ya greda kabla haijafukiwa. Nitabeba gunia mimi mwenyewe pamoja na mgongo wangu huu. Greda hilo, hata hivyo, halijaonekana bado mlimani kwetu. Juu kule hakuna barabara inayochongwa. Kuna msitu wa hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayetoa mazao ya msitu hifadhini. Sijaona kibali kilichobandikwa kwenye chungu chochote.

Hoja ya pili ni kwamba mimea ni mingi, na miwili mitatu haionekani pengo. Hii ni hoja ya mtu asiyejua jinsi mshubiri unavyozaa. Mishubiri walio wengi hawajichavushi. Mmoja ukibaki peke yake kwenye jabali utatoa maua kila mwaka, mekundu, ya kupendeza, na hautatoa mbegu ya kuota, mpaka chozi aje na chavua ya mwenzake. Chozi ni ndege mdogo, huruka pale penye maua ya kumtosha. Ukiondoa mimea mikubwa inayochanua, ambayo ndiyo hasa inayotafutwa kwa ajili ya kikombe, unawaacha watoto wasiochanua bado na wazee wawili watatu walio mbalimbali kama nyumba za watu waliogombana. Kwa macho ya mpita njia mlima ungali na mishubiri. Kwa hesabu ya uzazi umekwisha.

Nilipokuwa nafundisha walimu wanafunzi Baiolojia, kanuni ya somo ilikuwa nyepesi: tawi moja, ua moja, tunda moja, na mmea wenyewe uachwe ukisimama. Aliyerudi na mizizi aliirudisha siku hiyohiyo kwa miguu. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na waliielewa. Sioni kwa nini mabwana na mabibi waliostaafu utumishi wa serikali waishindwe.

Tena, wanachama hawapandi mlima. Magoti yetu hayaruhusu. Wanaopanda ni vijana wa pikipiki, wanaolipwa kwa gunia. Kijana hajui mmea upi ni wa kikombe, basi hujaza gunia. Mwanachama huchagua mimea miwili iliyo mizuri, na iliyobaki hutupwa mtaroni nyuma ya soko. Nimeihesabu mtaroni kwa macho yangu, kumi na tisa kwa siku moja, mingine na ua lake. Kijana alipata nauli na soda.

Chini ya mlima ule anaishi mama mmoja mfugaji wa kuku wa kienyeji, jirani wa shemeji yangu. Kideri kinapopita, yeye hukata jani la mshubiri, hulichanja, hulitia katika maji ya kunywa ya kuku, kama alivyomwona mama yake akifanya, na kama wafanyavyo wafugaji wengi wa nchi hizi. Chanjo anaijua na huitumia ikipatikana. Lakini ipo miezi ambayo haipatikani. Nilimwuliza hukata majani mangapi. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Mwalimu, jani moja la chini. Ukikata moyo, kesho utakata nini?" Mwaka huu anatembea mwendo mrefu zaidi kulipata jani hilo, na anasema kuna watu wa mjini wanaokuja kung'oa dawa. Anadhani tuna kuku wengi sana.

Hoja ya tatu ni ya wasomi wetu: kwamba mikataba ya kimataifa ni ya wafanyabiashara wakubwa na haituhusu. Ni kweli kwamba ule mkataba uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979, unahusu biashara ya kuvusha mipaka. Karibu dungusi zote zimo, na mishubiri yote imo isipokuwa ule mmoja wa kutengenezea sabuni na mafuta, unaolimwa mashambani duniani kote. Lakini soko la nje huanza na gunia la ndani. Jirani zetu wa Kenya waliona hatari hiyo mapema: mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku kuvuna mishubiri ya porini, na ilichukua hadi kanuni za mwaka 2007 kuweka utaratibu wa kibali. Huko Afrika Kusini, tangu 2019, polisi wamekamata mamia ya maelfu ya vimea vidogo vya jangwani vilivyong'olewa kwa ajili ya watu wa ng'ambo wanaopenda kuvipanga dirishani. Na yule mkusanyaji wa Italia ambaye nyumbani kwake, mwaka 2020, zilikutwa dungusi zaidi ya 1,000 zilizotoka jangwa la Chile, baadhi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia, hakuwa na meli wala kiwanda. Alikuwa mpenzi wa dungusi, kama sisi. Zaidi ya 800 zilirudishwa Chile mwaka uliofuata. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 31 ya aina za dungusi zimo hatarini kutoweka, na wapenzi wake wametajwa waziwazi miongoni mwa sababu. Nadhani hii ndiyo familia pekee ya viumbe inayopaswa kuwaogopa zaidi wale wanaoipenda.

Inabaki hoja ya nne, ambayo haisemwi mkutanoni bali kwenye chai: kuotesha kunachelewa, nasi ni wazee. Hii ndiyo hoja ya kweli, na naiheshimu kuliko zile tatu. Ila nawaomba wenye nayo wakumbuke mkonge, ambao nao ni wa ukoo huu wa mimea ya kuhifadhi maji, mgeni kutoka Marekani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hai pwani ya Tanga vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yakatoka mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa katani zaidi ya tani 200,000. Sitaki kuusifu ukoloni, na jasho la manamba waliokata mkonge ule lina habari yake peke yake. Nasema juu ya mmea tu: haukuhitaji kung'olewa popote mara ya pili.

Kwa upande mwingine, tusiwe na furaha ya upofu katika kuzidisha. Mwaka jana tuliuza vipandikizi vya mpungate langoni, ati vya kupandia ua. Mpungate wa Marekani huko Laikipia umefunika malisho ya wafugaji, na miiba yake midogo huwaumiza mifugo mdomoni na machoni. Australia ilishaupigania kwa miaka mingi hadi ilipoleta nondo wa kuula, katika miaka ya 1920. Atakaye ua wa miiba apande mnyaa wetu wa nyumbani, ambao mabibi zetu waliupanda kuzunguka boma, na awaonye watoto kuhusu utomvu wake usiingie machoni. (Na mnyaa si dungusi, jamani. Dungusi zote asili yake ni Marekani, isipokuwa mmoja mwembamba unaoning'inia mitini ambao umo pia katika misitu ya Afrika. Ukivunja tawi likatoka maziwa, kwa kawaida hiyo si dungusi. Nimelisema hili kila mwaka na kila mwaka kibao cha mezani huandikwa vilevile.)

Basi nimeandika pendekezo na kumpa Katibu kwa mkono, mbele ya shahidi, ili safari hii limo katika ajenda. Kikombe kipewe mmea ulioota kwa mbegu, au kipandikizi, au chipukizi, mikononi mwa mwanachama, na karatasi yake ioneshe mwaka uliopandwa. Mmea uliotoka porini usiwekwe mezani hata kwa kutazamwa, ila uliookolewa penye ujenzi kwa barua ya mwenye eneo. Waamuzi waache kupenda makovu. Na pawe na meza ndogo ya miche ya mwaka mmoja, yenye zawadi yake, ili mwanachama mpya asingoje miaka mitano kupata makofi.

Kwa wale wasemao hawajui kuotesha: tafuteni mshubiri uliopandwa karibu na mwenzake, msubiri tunda ligeuke rangi ya udongo, mlichume kabla halijapasuka njia tatu na mbegu zake kupeperuka. Mchanga wa mtoni uliochekechwa, unga kidogo wa mkaa, kopo lililotobolewa chini. Nyunyiza mbegu, funika kwa mchanga mwembamba kama unavyonyunyiza chumvi, weka kivulini, maji kidogo kila siku mpaka zichomoze. Mimi ninayo makopo arobaini yaliyokwisha kuchomoza, na mwanachama yeyote akija kwangu siku yoyote isipokuwa Ijumaa nitampa mawili, bila malipo, akaandike mwaka kwenye kopo kabla hajaondoka.