Mgeni wa Muhuru na Mabadiliko ya Utawala

Methali isemayo kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya uvivu. Aghalabu upande wake wa pili husahaulika: aliyekwisha kupewa jembe si mgeni tena. Katika Ghuba ya Muhuru, pembezoni mwa Kaunti ya Migori, upande huo wa pili ndio wenye uzito.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliufikisha mpaka ziwani penye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, karibu na Muhuru yenyewe. Ng'ambo ya mstari huo ni Rorya, mkoani Mara. Kijaluo husemwa kotekote. Watu huoana, huzikana na kudaiana. Samaki wale wale wadogo huitwa omena huku na dagaa kule. Mvuvi wa Muhuru apangaye chumba Rorya, au mama wa Rorya aanikaye samaki Muhuru, ni mkazi wa kigeni kisheria, japo hakuna jirani amwitaye hivyo. Amwitaye hivyo ni serikali, tena kwa msimu.

Wengi humkumbuka Idi Amin, aliyetwaa madaraka Januari 1971 na kuwapa Waasia siku 90 za kuihama Uganda mwaka 1972. Ni wachache wakumbukao kuwa Milton Obote alikuwa amekwisha kuwatimua maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao Wajaluo, mwaka 1970. Basi si mapinduzi pekee yamtiayo mgeni mashakani.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Haikufutwa John Magufuli alipoingia Ikulu mwaka 2015, wala Samia Suluhu Hassan alipomrithi Machi 2021. Hata hivyo, mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada Tanzania, na vifaranga 6,400 wakateketezwa Namanga. Mei 2021 Samia alilihutubia Bunge la Kenya, naye Uhuru Kenyatta akatangaza kuwa Watanzania wangefanya kazi Kenya bila vibali. Shangwe zilihanikiza. Kisha Julai 2025, chini ya Samia yuyo huyo, Tanzania ikawapiga wasio raia marufuku ya kuendesha biashara 15, zikiwamo za saluni, kutengeneza simu na kutuma pesa kwa simu. Hati ni ile ile. Kilichogeuka ni hisia za wenye mamlaka.

Yamkini atatokea wa kusema kuwa kila dola ina haki ya kuwakinga wachuuzi wake. Ni kweli, wala Wakenya wasijitakase: mwaka 2019 mbunge mmoja wa Nairobi aliwapa wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwamo, makataa ya saa 24, kabla ya yeye mwenyewe kutiwa mbaroni. Lakini haki hiyo ilikusudiwa kumzuia mwenye mtaji wa mbali, si mke wa mtu aliyezaa na kuzika papo hapo. Neno *mgeni* katika Kiswahili humbeba mwalikwa na mtu wa taifa jingine kwa pamoja, na watawala hulifaidi kwa kukaribisha kwa maana moja na kufukuza kwa nyingine.

Kibali cha mkazi wa mpakani, kitolewacho kwa pamoja na Migori na Rorya na kisichofutika waziri abadilikapo, kingemwezesha mama yule kununua nyavu za kuanikia bila kwanza kusikiliza redio kujua nani kaapishwa.