Kabla hawajaipima njia yetu, tuipime sisi wenyewe

Vijiti vitatu na kamba ya buluu. Njo tulikuta asubuhi kwenye ile njia inayoshuka toka barabara mpaka kwenye maji, katika mutaa mumoja wa komini ya Kadutu. Jana yake wamama walipita pale na bidoni mugongoni. Watoto wanachezea pale mupira kila mangaribi. Na kwa sisi wote ni pahali pamoja tu gari la kuzimisha moto lingeweza kuingia, kama siku moja lingekuja. Leo kuko mutu anasema ni parseli yake.

Tulimuuliza: "Papa, nani amekupa hapa?" Akajibu bila hasira: "Niko na dokima." Akatoa karatasi ndani ya plastiki. Kuko sahihi, kuko muhuri, kuko hesabu ya metre. Tulisimama pale vijana kama kumi na tano, wengine wako na diplome ya chuo kikuu nyumbani, na hakuna hata mumoja aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ile ni njia. Tulikuwa tunajua tu. Wazee walituambia, na wao waliambiwa na wengine. Mbele ya muhuri, maneno ya wazee yalionekana kama kelele.

Tuseme wazi, yule papa si adui wetu. Aliuza ng'ombe zake huko kijijini, akakimbia na watoto, akatafuta pahali pa kulaza kichwa. Vita ya 1996, kisha ile ya 1998, kisha vikundi vya silaha ambavyo havijaisha mpaka leo, vilisukuma watu wengi sana kuja Bukavu. Wabeleji walipouchora huu muji, wakati bado unaitwa Costermansville, walichora nyumba kubwa kubwa kwenye zile ndimi za udongo zinazoingia ndani ya ziwa, na wakachora kambi za wafanyakazi Kadutu na Bagira. Hawakutuchora sisi. Tangu wakati ule milima imebaki ile ile, watu njo wameongezeka. Na kwa miaka mingi baada ya uhuru, maofisi ya muji yaliendelea kutumia dekre ya urbanismu ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoandikwa wakati hakuna Mukongomani hata mumoja aliyekuwa amepiga kura katika hii inchi. Basi musishangae kama mutaa wako haufanani na kitu kilichopangwa.

Lakini aliyemuuzia papa njia ya watu alijua anafanya nini. Hapo njo hasira yetu iko.

Wengi tunasikia kwamba udongo wote ni wa serkali, tunanyamaza. Ni kweli, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serkali, na raia anapewa tu haki ya kuutumia. Lakini watu wanasoma ukurasa mumoja wanafunga kitabu. Ile ile sheria, kwenye artikle ya 55, inasema udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauwezi kutolewa kwa mutu mpaka uondolewe kwanza katika hayo matumizi kwa njia ya sheria. Njia ni ya matumizi ya watu wote. Kiwanja cha shule ya serkali vilevile. Soko vilevile. Kabla ya kupima njia yetu, tulipaswa kuonyeshwa akte inayosema hii si njia tena. Nani aliiona? Nani aliisahihi? Mukiuliza hivi kwa sauti ya upole ndani ya ofisi, mutaona karani anaanza kutafuta miwani.

Na kuko artikle ingine ya kushika kichwani: ya 227. Mutu akiisha kupata sertifika ya udongo, iko na miaka miwili ya kumushitaki. Ikipita bila mashitaka, haki yake haiguswi tena. Miaka miwili! Katika mutaa ambamo tunakutana paka kwenye matanga na kwenye foleni ya maji, miaka miwili inapita kama wiki mbili. Njo maana wauzaji wa nafasi za watu wanapenda kimya. Kijiti leo, msingi wa mawe mwezi ujao, ukuta baada ya Noeli, na siku mutoto wa mutu anapoungua ndani ya nyumba kwa sababu gari la moto limesimama huko juu barabarani, sertifika imeisha kukomaa zamani.

Tunasema moto juu munajua. Katika mitaa ya Kadutu na Panzi nyumba za mbao zinashikana bega kwa bega, ya mumoja ikiwaka, kumi zinafuata, na tunazima na mabeseni. Shida si maji peke yake. Shida ni kwamba hakuna pahali pa kupita. Kila mara tunachanga nguo na sufuria za wale walioungua, tunafanya vizuri kuchanga, kisha tunarudi nyumbani na hakuna anayeuliza ile njia ya metre ine ilipotelea wapi.

Nani sasa ataangalia? Shefu wa kartiye? Tumuonee huruma kidogo. Yeye anawekwa na wakubwa, hatukumuchagua. Kulingana na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, kartiye haina uwezo wake yenyewe wala bajeti yake. Komini njo iko navyo. Shefu anaishi na karatasi anazoandikia watu, na wengine, tunajua, wanaishi na asilimia ya parseli. Shefu wa avenue na wa nyumba kumi wako karibu zaidi, lakini na wao wanapokea amri tu. Halafu tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura ya washauri wa komini, mara ya kwanza tangu Republika ya Tatu ianze. Barabara za mutaa, masoko, viwanja vya michezo: mambo haya njo ya baraza la komini kujadili. Katika mukutano wetu tuliulizana: nani anajua jina la mushauri aliyemuchagua? Mikono ilibaki chini. Picha yake ya kampeni bado iko kwenye ukuta wa butike, mvula imekula nusu ya uso.

Kwa hiyo tunapendekeza kitu kidogo, na tunaanza nacho sisi wenyewe bila kungoja franga ya mutu. Kila mutaa uwe na kamati ya wakaaji ya kuchunga nafasi za watu wote, na kazi yake ya kwanza iwe kuchora ramani ya mutaa. Ramani ya mainjiniya itakuja siku yake, hii ni ya kwetu: kamba ya metre makumi tano, kayé, telefone moja yenye GPS, na miguu. Munatembea avenue kwa avenue. Munaandika kila njia na upana wake, kila mufereji, kila chemchemi, kila kiwanja, kila pahali maji ya mvula yanapita yakiwa na hasira. Munapiga picha. Munaita wazee watatu ao wane wanaojua pale kulikuwa nini kabla ya 1996, wanasema mbele ya watu, inaandikwa, wanasahihi ao wanatia kidole. Musisahau wamama wanaochota maji. Sisi tulidhani tunajua mutaa wetu, na mama mumoja muuza makala alituonyesha njia ine ambazo hatukuwahi kupita.

Kisha munafanya kopi. Moja kwa shefu wa kartiye, moja komini, moja meri, moja urbanismu, moja kadastri. Kwenye kila ofisi munadai muhuri wa kupokea na tarehe juu ya kopi yenu. Wakikataa muhuri, mukae kwenye benchi. Benchi ni ya serkali, na serkali ni sisi. Pamoja na ramani munaweka petisyo, sababu Katiba ya 2006, artikle ya 27, inasema kila Mukongomani anaweza kuandikia wakubwa, peke yake ao na wengine, na wao wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hamuhitaji kuwa shirika lenye karatasi kwa kuandika petisyo. Mukitaka baadaye kuwa asbl, sheria yake ni ya tarehe 20 Julai 2001, siku moja na ile ya udongo, na miaka 28 kati yao. Wengi wanaanza na statuti, muhuri na kofia, wanagombania uprezida, na njia inaliwa wakati wao wanagombana. Muanze na kamba.

Kuko ndugu watasema: tayari tuko na mashirika mengi. Kweli. Kuko kamati ambazo prezida wake njo mwenye nyumba ya etaje iliyokula mufereji. Kuko mutualite za kabila ambazo zinalinda udongo wa mutoto wa kwao hata kama amejenga katikati ya barabara. Na tujiangalie sisi vijana vilevile. Wangapi kati yetu ni makomisionere wa parseli? Tunaonyesha muteja nafasi, tunajua vizuri ni kiwanja cha watoto, tunachukua dola makumi tano, kesho tunaandika kwenye telefone kwamba inchi imeuzwa. Tuliyaongea haya kwa ukali kati yetu, na rafiki mumoja alitoka mukutanoni akiwa amekasirika. Alirudi wiki iliyofuata. Yeye njo aliyetueleza jinsi karatasi zile zinavyotengenezwa.

Tena, kamati isiwe ya wenye nyumba peke yao. Nusu ya vijana tunapanga. Mwenye kupanga naye anaungua, naye anachota maji. Kama ataambiwa "wewe si wa hapa," basi ile kamati imekufa kabla ya kuzaliwa.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza. Ramani ikichorwa kwa ukweli, itaonyesha pia kwamba baadhi yetu tunalala pahali ambapo hapalaliki. Mulima wa Funu unateleza polepole, kila mukaaji wa pale anajua, milango haifungi tena sawa, nyufa zinajazwa na simenti na zinarudi. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitufundisha udongo huu si wa kuamini. Na Mei 2023, huko Kalehe, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, tulizika watu zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana mpaka leo. Mutu akiuliza, "Mukiandika nyumba yangu iko kwenye hatari, si munawaletea wakubwa sababu ya kunibomolea?", hatuna haki ya kumucheka. Tumeona bomoa bomoa. Inaanzaga na nyumba ya mbao ya mujane, na inachoka kabla ya kufika kwenye ukuta wa tajiri kule kwenye ufuko wa ziwa.

Tulibishana usiku muzima juu ya hili. Wengine walisema tuache zile nyumba bila alama. Tulikataa, sababu kuficha hatari hakuzuii mulima kushuka. Lakini tuliamua mambo mawili. Kwanza, alama ya hatari inawekwa na mwenye nyumba akiwa pale, baada ya kuongea naye, na jina lake haliandikwi. Pili, kwenye kila petisyo tunaandika: hakuna kubomoa bila kuonyesha kwanza pahali pa kwenda, na kama kuko kubomoa, kuanzie na wale waliojenga juu ya mifereji na barabara wakiwa na uwezo wa kujenga pengine. Hatusemi tumepata jibu lote. Papa mumoja wa Funu alitusikiliza mpaka mwisho akasema: "Vijana, mimi najua mulima utakuja. Nauliza tu, nikihama, niende wapi na makodi haya ya Bukavu?" Hilo swali tumeliandika kwenye petisyo vile alivyolisema, na kama miezi mitatu itapita bila jibu, tutalibeba kwenye kartoni mbele ya komini.

Kwa ile njia ya kisimani: vijiti bado viko. Hatukuving'oa, ijapokuwa wengine walitaka. Tulipima metre zote, tukaandika ushahidi wa wazee wane, na barua iko na muhuri wa kupokea toka ofisi tatu. Ya ine ilituambia turudi. Mwenye vijiti alikuja mukutanoni mwenyewe, akakaa nyuma, akiwa na ile plastiki yake. Mwishoni aliuliza kitu kimoja: kama njia inabaki njia, franga yake nani atamurudishia? Hakuna aliyejibu. Jumatatu saa mbili asubuhi tunaenda naye kwenye ofisi iliyomupa karatasi, yeye na risiti yake, sisi na ramani yetu. Anayetaka kutusindikiza aje. Na Siku ya Posho, baada ya salongo, tunaendelea na avenue tatu zilizobaki. Kamba tuko nayo, mulete kalamu na buti, juu chini kule kuko matope.