Meza Imara Haitoshi



Mwezi huu ukurasa wetu hautasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Utasema juu ya meza.

Wengi wetu hapa Kolwezi tuna wazee na mashamba kule Sandoa. Wakati wa konje tunashika njia ya Kasaji, tunafika nyumbani, na mwenye bunduki anaingia porini. Sina neno na mwindaji mwenye ruhusa. Nyama ya swala nimekula mimi pia. Lakini masasi ya dukani ni ghali, na siku nyingine hayapatikani. Basi ndugu yetu, aliyezoea vyuma tangu ujana, anasema: "Nitajaza maganda yangu mwenyewe." Anatafuta batri ya gari iliyokufa, anatoa risasi ya ndani, anaiyeyusha. Kisha anajenga meza ya kazi hiyo.

Na anaijenga vizuri! Huko Sandoa nimeona moja ya mbao za mulombwa, miguu minene, imefungwa ukutani. Ukiisukuma kwa kiuno haitikisiki. Mwenyewe aliniambia kwa furaha: "Munganga, meza isipotikisika hakuna hatari."

Hapo ndipo ninakataa. Meza imara inalinda vidole vya baba. Mtoto haimlindi. Meza ile ilisimama kwenye ukuta wa jikoni, na juu yake mama aliweka bakuli la unga.

Nitasema na kosa langu. Juma moja kabla ya kuona meza ile, nyanya wa nyumba hiyo aliniletea mjukuu wa miaka 4. Tumbo linamuuma, choo kigumu, hataki kula, amekuwa mweupe machoni, analia ovyo. Nilimpa dawa ya minyoo. Sikuuliza hata swali moja juu ya kazi ya baba yake. Nilipoiona meza ndipo nilipoelewa. Damu ya mtoto ilipelekwa kupimwa mbali, na jibu likarudi: risasi. Mtoto yuko hai, lakini shuleni wenzake wamemwacha nyuma.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya: risasi ni jina la kile kinachotoka bundukini, na ni jina la madini yenyewe. Ya kwanza inaua kwa mlio, na kila mtu anaiogopa. Ya pili inaingia kimya, kwa vumbi na moshi, inakwenda kwenye damu, kisha inakaa katika mifupa miaka mingi. Ndani ya batri mna unga wa risasi, na unga huo ni mbaya kuliko kipande kigumu, maana unaruka na kushika nguo, mikono na chakula. Mtoto akimeza kiasi kilekile na mtu mzima, mwili wake unaweza kuchukua mara 4 au 5 zaidi. Maziwa hayaiondoi. Dawa ya malaria haiiondoi.

Tusiseme ni mambo ya mbali. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na mpaka leo udongo wa mitaa ya jirani unadhuru watoto. Huko Thiaroye, karibu na Dakar, Senegali, watu walichekecha udongo wa batri za zamani majumbani ili wauze risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Ninyi mnajua vumbi kuliko mimi. Mgodini, mbona tunatoboa jiwe kwa maji? Kwa sababu vumbi kavu linaharibu mapafu. Mbona tunaoga na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani? Basi mtu huyohuyo anawezaje kuyeyusha risasi katika sufuria ya mama, kufagia meza kwa ufagio mkavu, kisha kumbeba mtoto na nguo zilezile?

Maoni yangu ni haya. Kama huna ruhusa ya serikali, usianze. Sheria ya silaha na masasi ya mwaka 1985 haijali uzuri wa meza yako. Kuyeyusha risasi ya batri, acha kabisa, ndani ya nyumba na uani. Na kama huna kibanda cha peke yake, mbali na jiko, chenye hewa na kufuli, usijenge meza hiyo. Bora masasi machache ya dukani.

Mwenye ruhusa na kibanda, juu ya meza aweke ubao laini usio na nyufa, aupanguse kwa kitambaa chenye maji. Moto na sigara visikaribie baruti hata kidogo. Asile hapo. Akimaliza anawe kwa sabuni, aache nguo kibandani, na zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Tena neno moja zito: baruti ya mgodini si baruti ya bunduki. Itapasua mtutu na mkono wako pamoja. Na kuitoa mgodini ni wizi.

Mama, wewe nawe una kazi. Ukimleta mtoto mwenye tumbo lisilopona, tuambie baba anafanya nini nyumbani. Usiogope kwamba utamshitaki. Unatusaidia kumtibu mtoto. Na sisi wa dispansari tusingoje mama aseme: tuulize wenyewe.

Ndugu yule wa Sandoa alihamisha meza yake. Leo inasimama chini ya mwembe, na anatengenezea viti tu. Bado haitikisiki.